Gitaa Nililolingoja Miaka Arobaini na Minane

Nililipata mwaka 2021, nikiwa na umri wa miaka 62, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifungasha vyombo vyake Msasani ili arudi kwao. Ni Fender Stratocaster iliyoundwa Japani, nyekundu iliyofifia, na mahali pa kuegemeza mkono rangi imekwisha kabisa. Nilimlipa shilingi milioni moja na laki nne, fedha ambazo mama watoto alikwisha kuzipangia paa la jiko. Nilipoingia nalo ndani alinitazama, akalitazama gitaa, akauliza, "Na hili linazuia mvua?" Sikuwa na la kumjibu, na paa lile tumeliezeka mwaka uliofuata.

Nataka kulihukumu gitaa hili kwa haki, kama mtu ahukumuvyo kitabu au mchezo wa kuigiza. Vitu tulivyovitamani tungali vijana huwa hatuvihukumu. Ama tunaviabudu, ama tukishavipata tunaona aibu na kuvitupa uvunguni. Mimi nimeishi na hiki miaka kadhaa sasa, nimekifungua na kukifunga mara nisizoweza kuhesabu, na nadhani ninayo haki ya kusema neno.

Tamaa yenyewe ilinianza Morogoro mwaka 1973. Msomaji anayeujua muziki wa dansi wa Tanzania hahitaji kuelezwa Morogoro ya siku hizo ilikuwa nini. Mji mdogo chini ya milima ya Uluguru, lakini ulikuwa umetoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyotumwa Japani mwaka 1970 kuiwakilisha nchi katika maonyesho ya Osaka. Mwaka huo wa 1973 Mbaraka alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano, na mji mzima ulikuwa haulali kwa kubishana nani kamkosea nani. Mimi nilikuwa na miaka 14. Sikuruhusiwa kuingia ukumbini, lakini ukumbi mmoja ulikuwa na ukuta wa matofali yenye matundu upande wa choo, na kwenye matundu hayo nilipata elimu ambayo shule haikunipa.

Siku hiyo ilikuja bendi kutoka Dar es Salaam. Sitaitaja, na sababu itaonekana mbele. Katika wapiga magitaa wake alikuwemo kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka tisa, akipiga solo la pili. Alikuwa na gitaa jekundu lenye pembe mbili, na taa za ukumbi zilikuwa zikigonga ile chuma ya daraja na kurudi machoni kwangu. Sikumtazama mwimbaji hata mara moja. Wimbo ulipofika kwenye chemko, pale waimbaji wanapokaa pembeni na magitaa yanaanza kusemezana, kaka alipiga kifungu kimoja kifupi, sauti sita au saba tu, akakirudia bila kukibadilisha nadhani robo saa nzima. Watu walichemka kweli. Nikasema moyoni: gitaa lile.

Angalia kosa lililokuwa ndani ya maneno hayo. Sikusema "mkono ule", wala "kifungu kile". Nilisema gitaa lile. Nimelibeba kosa hilo miaka arobaini na minane.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Stratocaster ilitoka mwaka 1954, huko Fullerton, California. Mwenye kiwanda, Leo Fender, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio. Mtu anayelifungua gitaa hili analiona jambo hilo mara moja. Hakuna kilichogandishwa kwa gundi ambacho kingeweza kukazwa kwa skrubu. Shingo imefungwa mwilini kwa skrubu nne, kama mguu wa meza. Nyaya zote na swichi vimepachikwa juu ya bati moja la plastiki, ukilitoa unatoka na matumbo yote kwa pamoja. Kila uzi una kipande chake cha chuma darajani, na kila kipande kinapandishwa, kinashushwa, kinasogezwa mbele au nyuma peke yake. Ni kitu kilichoundwa na mtu aliyezoea kuletewa vitu vibovu. Alijua kwamba kila kinachotengenezwa kitaharibika, na kwamba atakayekirekebisha hatakuwa na karakana ya maana.

Kwa hilo ninampa sifa zote. Sisi katika nchi zetu tumeletewa vyombo vingi ambavyo aliyeviunda hakumfikiria fundi wa mwisho: pampu, matrekta, mashine za hospitali. Gitaa hili linaweza kutengenezwa chini ya mwembe kwa bisibisi moja na alenki ndogo, ile spana iliyopinda kama herufi L. Nimeona redio za mkulima zenye heshima ndogo kuliko hiyo kwa mwenye kuzitumia.

Ninalolilaumu kwanza ni mkono wake wa kutikisa. Daraja la Stratocaster halikutulia. Linaegemea juu ya skrubu na kuvutwa na springi kwa nyuma, ili mpigaji akibonyeza mkono wa chuma sauti ipinde. Kwa muziki wa wenzetu huenda ni neema. Kwa muziki wa dansi ni balaa. Mpigaji wetu hupiga kuanzia saa tatu usiku hadi majogoo, na akikata uzi mmoja tu kwenye daraja linaloelea, nguvu ya springi inazidi nguvu ya nyuzi zilizobaki, na zote tano zinapanda sauti kwa pamoja. Bendi nzima inasimama kumtazama. Nimelifunga daraja langu kwa kipande cha mninga nilichokichonga mwenyewe, nikakisokomeza nyuma, na tangu siku hiyo halijatikisika. Nasikia wapo watakaosema nimeliharibu. Na waseme.

Lawama ya pili ni mngurumo. Pikapu zake tatu, zile sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele, hazinasi nyuzi peke yake. Zinanasa pia taa ya bomba, friji, na umeme wa ukutani. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde, na kwa bahati mbaya au nzuri hiyo iko karibu kabisa na sauti ya soli ya chini. Kwa hiyo nyumbani kwangu gitaa hili linapiga soli mchana kutwa hata pasipo mtu. Marekani, ambako umeme unacheza mara 60, linanguruma sauti nyingine. Nimejiuliza kama masikio ya wapigaji wetu hayakuwahi kuzoea soli ile na kuitungia nyimbo. Ni mawazo ya mzee asiye na kazi, yapite.

Nikiwa hapo, ubao wa vidole nao una habari. Ni mti wa jamii moja na mpingo wetu, ule ule wa Lindi na Kilwa ambao Wazungu wanauchongea zumari zao. Kijana aliyekulia kwenye mipingo alisubiri hadi uzeeni kuugusa ndugu yake uliopitia Japani.

Lilipofika mikononi mwangu, lilikuwa halipigiki. Mgeni yule alikuwa amelitundika ukutani mwa nyumba iliyo karibu na bahari bila kuligusa kwa miaka, na unyevu wa pwani ukafanya kazi yake. Nyuzi zilikuwa na kutu, na shingo ilikuwa imepinda mbele kama upinde. Njia ya kuupima mpindo huo ni rahisi: unabana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, uzi unakuwa rula iliyonyooka, kisha unatazama nafasi iliyobaki kati yake na freti ya saba au ya nane. Sikuwa na kipimo maalumu. Nilitumia geji ya plagi, ile ya mafundi magari yenye vibati vyembamba vya unene mbalimbali. Yangu ilionyesha karibu milimita 0.8. Inayotakiwa ni kama robo ya milimita.

Ndani ya shingo kumezikwa chuma kirefu. Ukikikaza kinavuta shingo nyuma, kikipambana na nyuzi zinazoivuta mbele. Hapa pupa inaua. Nilikaza robo mzunguko, nikaliacha hadi kesho yake. Robo nyingine, kesho yake tena. Mbao haipokei amri siku hiyo hiyo. Ilinichukua siku tano, na katika siku hizo nilijisikia kama daktari wa mifupa.

Baada ya shingo nilienda kwenye urefu wa nyuzi. Waundaji wanashauri milimita 1.6 hivi, ukipima kwenye freti ya kumi na saba. Nikashusha hadi hapo. Kisha ile kazi inayowashinda wengi: kusawazisha sauti. Uzi ukipigwa kwa kuguswa tu juu ya freti ya kumi na mbili hutoa sauti moja. Ukibanwa hapo hapo hutoa nyingine, na mbili hizo zinatakiwa kuwa sawa. Ile ya kubanwa ikiwa juu, unarudisha nyuma kipande cha daraja ili uzi urefuke. Ikiwa chini, unakileta mbele. Uzi wangu wa tatu ulinisumbua jioni mbili. Wa sita nao ulikuwa ukitoa sauti mbili zinazogombana, nikadhani masikio yangu yamezeeka, kumbe sumaku ilikuwa karibu mno ikiuvuta uzi usitetemeke kwa uhuru. Nilipozishusha pikapu, ugomvi ukaisha. Swichi iliyokuwa ikikatakata ilitibiwa na fundi redio wa Kariakoo kwa dawa ya kupuliza, shilingi elfu tatu.

Lilipokamilika lilikuwa chombo safi kabisa. Nasema hivyo bila kupunguza. Shingo ilipita mkononi kama samaki, na nyuzi zilikuwa laini hata vidole vyangu vya mwalimu, vilivyozoea chaki, havikuuma. Swichi yake ina vituo vitano, na kile kilicho kati ya pikapu ya nyuma na ya katikati kinatoa sauti nyembamba iliyobana puani, inayokata katikati ya ngoma bila kupiga kelele. Zamani swichi ilikuwa na vituo vitatu tu, na wapigaji waliikwamisha katikati kwa makusudi ili waipate sauti hiyo. Vituo vitano vilianza kuwekwa kiwandani mwaka 1977. Hiyo ndiyo niliyoidhania sauti ya tundu la ukuta.

Nikaweka rekodi ya bendi ya kaka, iliyopigwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nikakaa nayo. Kifungu kile nilikuwa nakijua kwa moyo. Nikakipiga juu ya rekodi.

Haikuwa sauti ile. Nilijaribu vituo vyote vitano vya swichi. Nilipunguza na kuongeza vitufe vyote. Niliazima amplifaya nyingine kwa kijana wa kanisani. Sauti yangu ilikuwa nzuri, tena safi kuliko ya rekodi, lakini ilikuwa kama mtu aliyevaa suti kuingia kwenye picha ya harusi ya watu wengine.

Wapo watu duniani ambao wangenipa jibu la haraka: umenunua la Japani, nunua la Marekani, na la Marekani liwe la kabla ya mwaka 1965, kabla Leo Fender hajakiuza kiwanda chake kwa kampuni ya CBS kwa dola milioni 13. Magitaa ya miaka ile sasa huuzwa bei ya nyumba. Jibu hilo silikubali, na si kwa kuwa sina fedha tu. Stratocaster yenye mkono wa kutikisa iliuzwa dola 249 na senti 50 mwaka 1954. Ilikuwa kifaa cha kazi, kama cherehani. Mtu anayekuambia kwamba sauti inakaa kwenye namba iliyogongwa nyuma ya shingo anakuuzia namba. Rekodi zetu zilizotutoa machozi zilipigwa kwa magitaa ya kila namna, yaliyoazimwa na kuchomelewa, nyuzi zikiunganishwa kwa fundo zilipokatika, kwa sababu nyuzi mpya hazikuwepo madukani.

Basi nikamwita kaka.

Hapa inanibidi nieleze lililokuwa chini ya jambo hili zima. Bendi za wakati ule, msomaji, nyingi hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, tangu mwaka 1964. Polisi walikuwa na yao, na jeshi yao. Shirika la usafiri la Dar es Salaam lilikuwa na UDA Jazz, na Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpango huo ulikuwa na mema yake, nisije nikaonekana sina shukrani: uliwapa wapigaji mshahara wa uhakika katika nchi ambayo gitaa moja la umeme lilizidi mapato ya mwaka ya mtu wa kawaida. Lakini ulizaa kizazi cha mabingwa wasiokuwa na vyombo. Seremala aliye bingwa ana randa yake. Bingwa wa gitaa hakuwa na gitaa.

Kaka alilipiga gitaa lile jekundu miaka tisa. Nyuma yake lilikuwa limeandikwa namba ya mali kwa rangi nyeupe, kama kiti cha ofisi. Mwaka 1982 alikosana na uongozi wa shirika lake kwa jambo la posho. Akaomba alinunue, wamkate kidogo kidogo. Wakasema mali ya shirika haiuzwi kwa mtumishi. Alirudi Morogoro na mkanda wa ngozi wa kulibebea, kwa sababu mkanda aliununua mwenyewe. Biashara ya kuagiza vitu kutoka nje ilipokuja kulegezwa mwaka 1984, yeye alikwisha kuwa karani wa ghala, ana watoto wanne. Hakushika tena gitaa la umeme. Mkanda ule aliutumia kufungia godoro.

Alikuja nyumbani kwangu ana miaka 71. "Shikamoo kaka." "Marahaba mdogo wangu." Akanywa chai yake yote kwanza, taratibu, huku gitaa likiwa limelala kochini mbele yake. Kisha akauliza, "Umelinunua la nani?"

Nilijifanya sikusikia vizuri, nikamwambia habari za mgeni wa Msasani. Aliniacha nimalize.

Akalichukua. Hakuligusa kwa upole niliokuwa nalo mimi. Alilishika kama mtu anayeshika jembe. Alipiga uzi mmoja kwa nguvu karibu na daraja, ukagonga freti na kutoa sauti ya bati. Akaniangalia. "Nani kazilaza nyuzi hivi?"

Nikamweleza milimita 1.6, na kwamba ndivyo waundaji wanavyotaka.

"Hizi zimelala. Zinapumua wapi?"

Katika sentensi hizo mbili mlikuwamo ukosoaji wote niliokuwa nimeukosa kwa miezi mitatu. Ukumbini hawakuwa na amplifaya za kutosha. Sauti ililazimika kutoka mkononi. Walipiga kwa nguvu, na uzi unaopigwa kwa nguvu unahitaji nafasi ya kuyumba. Ukiulaza, unakuwa mwepesi kwa mkono wa kushoto na bubu kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nimelirekebisha gitaa kwa ajili ya mtu anayepapasa. Tukapandisha hadi milimita 2.4. Kaka akataka pia nyuzi nene zaidi, zinazoanzia inchi 0.011 badala ya zangu za 0.009. Kila badiliko likavuta jingine: nyuzi nene ziliivuta shingo mbele tena, ikabidi chuma cha ndani kikazwe, nyuzi zilizo juu zinanyooka zaidi zinapobanwa, sauti inapanda, ikabidi vipande vyote sita vya daraja virudishwe nyuma. Tulimaliza saa nne usiku, na wali ulikuwa umepoa.

Akiwa anangoja nikaze, alinisimulia jinsi Wakongo waliokuja Dar miaka ya sabini walivyowafundisha kuuondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba mahali pake, unaotoa sauti ile ile oktava moja juu. Gitaa zima linabadilika kuwa jepesi. Yeye alikuwa akifanya hivyo kwa siri, akirudisha uzi mnene kabla ya kukabidhi vyombo, kwa sababu kiongozi wa bendi hakupenda. Kumbe hata tabia ya kile kifungu nilichokisikia tunduni ilitokana na uzi ambao haukutakiwa kuwepo.

Kisha akakipiga. Kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto hakikunjiki tena, kwa hiyo alipiga kwa viwili na kuruka sauti moja. Kilisikika ovyo, nakiri. Sauti sita zisizokwenda popote. Alinyanyua kichwa kwa hasira akasema, "Sasa mbona umekaa? Ridimu iko wapi?"

Nilikimbilia galatoni yangu ya zamani, gitaa kavu lililopasuka ubavu, nikaanza kukwaruza ridimu ninayoijua, ile ya watoto. Na kifungu kikasimama. Sina neno jingine. Kila sauti niliyoiona imekosewa ilikuwa imewekwa pale ili ingie kwenye nafasi iliyoachwa na gitaa jingine. Solo la pili si wimbo. Ni nusu ya maongezi. Ukilitenga ni kama kumsikiliza mtu akiongea na simu. Miezi mitatu nilikuwa nikilitafuta kwenye swichi jambo ambalo lilikuwa kati ya watu wawili.

Hapa ninawalaumu waandishi wa muziki wetu, nami nikiwamo. Tumeandika sana habari za waimbaji na watunzi. Marijani Rajab tunamkumbuka kwa sauti, Muhidin Maalim Gurumo kwa sauti na tungo. Mbaraka mwenyewe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, tunamsifu kwa maneno ya nyimbo zake hadi tunasahau kwamba alikuwa mpiga solo wa ajabu. Wapigaji wa solo la pili na ridimu hata majina yao tunabahatisha, ilhali chemko, sehemu ambayo watu walilipia kiingilio, ilikuwa mikononi mwao. Tunachambua mashairi kwa kuwa tulifundishwa shuleni kuchambua mashairi. Sauti sita zinazorudiwa robo saa hatuna maneno ya kuzisemea, basi tunasema "magitaa yalilia" na kwenda zetu.

Kuhusu gitaa, basi, hukumu yangu ni hii. Ni chombo cha kweli, kilichoundwa kwa akili na heshima, chenye mkono wa kutikisa usio na kazi kwetu na mngurumo usiopona. Hakina sauti yake chenyewe kwa kiasi tunachodhani. Kinamtii anayekirekebisha, na anayekirekebisha anakirekebisha kufuata namna yake ya kupiga, au kufuata kitabu kama hana namna.

Swali la kaka bado liko mezani. Nilipolinunua sikumfikiria yeye. Nilimfikiria mtoto wa tunduni. Usiku ule wakati wa kumsindikiza nilimwambia, "Kaka, lichukue." Alikuwa akivaa viatu, hakuinua macho. Akasema, "Mwaka themanini na mbili ningelichukua." Halafu akaniomba nimtafutie dawa ya vidole kwa yule Mhindi wa Uhuru Street, kana kwamba hatukuwa tumeongea kitu.

Anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, mguu ukimruhusu. Akifika, kabla ya chai, anachukua alenki na kuzipandisha nyuzi. Akiondoka vidole vyangu vinauma, nami nazishusha, ingawa siku hizi naziacha kwenye milimita 2 na sizirudishi tena chini ya hapo. Vile viskrubu vya darajani, viwili kwa kila uzi, vimeanza kuisha meno kwa kupandishwa na kushushwa huku. Nimeagiza kumi na viwili vipya.